Makaburi ya Mzee Song

Kijiji cha Kamisawa
9 Februari 1938

Ryohei,

Huna haya. Ningekuwa na mkono wa kuvuka huu mlima ningekuzaba kofi mbele ya wanafunzi wako, miwani ikaruka ikagonga ubao.

Leo nimekwenda ofisi ya kijiji kuulizia mbolea ya miforosadi, ile ya kulishia viwavi wetu wa hariri. Karani Nezu, yule ambaye hata paa likivuja juu yake hainuki kitini, akasimama. Akainama mpaka nikauona upara wake wote.

"Bibi Tora, hongera! Kijiji kizima kinakushukuru."

"Kwa lipi? Nimekufa?"

"Kwa kumtoa Isamu aende Manchuria, kule Uchina, kulima ardhi mpya. Wengine wanatoa mtoto wa tatu, wa nne, asiye na pa kulala. Wewe umetoa mrithi wa nyumba!"

"Isamu yuko mjini kwa baba yake mdogo, anasoma. Umeshakunywa asubuhi yote hii?"

Akanionyesha karatasi. Kusoma kwangu mimi ni kwa zile herufi za watoto, lakini muhuri wa nyumba yetu naujua hata nikifumba macho. Una ufa pembeni tangu baba yako alipouangusha mwaka wa mafuriko. Ulikuwa pale, mwekundu, umetulia. Mimi sikuugonga. Muhuri ule unakaa ndani ya mshipi wangu, hautoki ila nikienda kuoga. Na nani alikuja Mwaka Mpya akajitia kunisugua mgongo? Mkeo Fumie. "Mama, maji yamepoa? Mama, niongeze kuni?" Nikasema leo mkwe wangu kaamka vizuri. Kumbe!

Sasa sikiliza. Kaka yako Genzo walimchukua jeshini, akarudi majivu, kwenye kisanduku cha kubebwa kwa mkono mmoja. Mkewe akamfuata kwa kifua kikuu. Wameacha mtoto huyu mmoja. Nilikupa umsomeshe, sikukupa umgawe. Ana miaka kumi na tano, bado analala mdomo wazi. Makaburi yetu yako kule juu ya shamba la miforosadi, na wa kuyafagia na kuyamwagia maji nikishaondoka mimi ni yeye, si wewe uliyehamia mjini ukavaa tai.

Mwaka ule polisi walipokubeba kwa sababu ya vile vitabu vyako, nilivuka mlima kwenye theluji nikuletee soksi. Ulipotoka ulikuwa bubu. Nikasema jamani, wamemng'oa mwanangu meno. Kumbe wamekutia ya kwao.

Mrudishe mtoto. Na usinijibu kwa maneno ya gazeti.

Mama yako,
Tora


Mjini
16 Februari 1938

Mama,

Nakusalimu nikiwa nimeinamisha kichwa.

Fumie hana kosa. Muhuri niliuchukua mimi, siku ya pili ya Mwaka Mpya, ulipokuwa unaoga. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi.

Kila shule imepangiwa idadi ya vijana. Sisi tuliambiwa watano. Nilikuwa na wanne. Mkaguzi wa shule alikuja, akanywa chai, akasema kwa upole kabisa: "Mwalimu aliyewahi kupotea njia ana bahati, Bwana Shiozawa. Yeye anaweza kuonyesha kwa mfano kwamba amerudi." Kisha akauliza Haruko wangu anaendeleaje na masomo. Mama, mimi sikuwahi kumtajia kwamba nina binti.

Hata hivyo si shari tupu. Unajua mwenyewe bei ya hariri ilivyoanguka. Hapa kwetu mwenye hekta moja anaitwa bwana; Isamu atapewa kumi. Wanasema ni ardhi tupu mpaka macho yachoke. Mtoto mwenyewe anaimba nyumba nzima, hakai kitako.

Treni yao inaondoka tarehe 4 Machi, saa tatu asubuhi. Njoo umuage.

Na nakuomba: barua hii ichome, na usiandike tena kama ulivyoandika. Mambo ya polisi na vitabu yaache. Siku hizi barua zinafunguliwa.

Mwanao,
Ryohei


Kamisawa
2 Mei 1938

Isamu,

Kituoni hukuniangalia. Nilivuka mlima kwa miguu hii ya kizee, nikawasukuma wale wanawake wa aproni nyeupe na bendera zao, nikafika mpaka dirishani kwako, na wewe unaimba mdomo wazi kama samaki, macho juu. Mmoja wao akaniambia, "Bibi, mbona hushangilii?" Nikamwambia nina kikohozi.

Ngoja nikupe ya kukaa nayo. Usinywe maji ambayo hayajachemka. Ukipewa soksi pea mbili, vaa moja, nyingine ifiche. Usiwe wa kwanza wala wa mwisho kwa lolote. Akiulizwa anayejua kupika, nyoosha mkono. Akiulizwa anayejua kulenga bunduki, jikune.

Viwavi wa hariri wameamka usingizi wa tatu. Wanatafuna majani hata mtu hasikii anachosema. Nawakatia peke yangu. Karani Nezu ameahidi kunipa msichana wa kunisaidia, nami nimeahidi kumwamini siku akija.

Baba yako mdogo ameniambia alivyouiba muhuri. Nimemkatia salamu. Wewe usimchukie. Kuchukia niachie mimi, nina muda.

Bibi yako,
Tora


Kambi ya mafunzo, kaskazini mwa Manchuria
20 Oktoba 1938

Bibi mpendwa,

Mimi mzima, na wewe natumaini u mzima.

Ungeuona udongo wa huku ungelia. Mweusi, ukiufinyanga unaacha mafuta kiganjani. Hauna jiwe hata moja. Nimemwambia mwenzangu, bibi yangu ametumia maisha yake kuokota mawe, na huku plau inakwenda kutwa nzima bila kugonga kitu.

Baada ya mafunzo ya huko nyumbani tulivuka bahari mwezi uliopita, na hatukulazwa kwenye mahema kama tulivyoogopa. Tulipewa nyumba tayari. Watu wa huku wanalalia kitanda cha udongo chenye moto chini yake, na chetu kilikuwa bado na joto tulipoingia. Tukacheka, tukasema serikali imetupashia. Darini kulikuwa kunaning'inia kitanda cha mtoto cha kamba. Tunawekea vitunguu. Mtama nao tuliukuta umesimama shambani, nusu umekatwa, tukamalizia sisi.

Kuna mzee mmoja anatusaidia kazi, jina lake Song. Anajua kila kitu: maji yapo wapi, upepo wa theluji unatokea wapi. Amenionyesha kunoa mundu kwa namna yao. Hatuelewani maneno lakini anacheka nikikosea.

Bibi, kuna jambo linaninyima usingizi. Muhuri hakuuchukua baba mdogo. Niliuchukua mimi. Mama Fumie alikuwa anakusugua mgongo, mshipi wako uko juu ya kikapu, nikaingiza mkono. Nilitaka zile hekta kumi. Nilitaka uje uishi mahali pasipo na mawe. Baba mdogo aliiona karatasi ikiwa imeshafika mezani kwake. Akasema, "Bibi yako asijue."

Nisamehe.

Mjukuu wako,
Isamu


Kamisawa
11 Desemba 1938

Mwizi wangu,

Ungekuwa karibu ningekuvuta sikio mpaka likafanana na la punda. Halafu ningekupa uji. Basi, hilo limekwisha.

La pili halijakwisha. Nimelima miaka sitini, nisikilize mimi, usimsikilize mwenye kipaza sauti. Mtama haujipandi. Kitanda hakijipashi moto. Mtoto aliyekuwa analala kwenye hicho kitanda cha kamba yuko wapi leo, na baridi hii? Vitoe vitunguu humo.

Huyo Mzee Song msalimie. Ukipata chumvi, mgawie.

Bibi yako,
Tora


Kamisawa
11 Desemba 1938

Ryohei,

Isamu ameniandikia habari ya muhuri. Kumbe ulijitwika kosa lisilo lako, ukadhani umenifanyia hisani. Sikushukuru. Mkono ulikuwa wa mtoto, lakini njaa ya hiyo ardhi alilishwa darasani, na aliyeshika chaki ni nani?

Ninamtumia Fumie mtungi wa plamu za chumvi, zile za miaka mitatu. Usimwambie kwa nini. Atajua.

Tora


Mjini
25 Novemba 1940

Mama,

Nakusalimu kwa heshima. Nimepandishwa kuwa naibu wa mwalimu mkuu. Nakwambia kwa sababu utaambiwa, si kwa sababu najivuna.

Mambo yanakwenda mbio. Vyama vyote vimevunjwa, kimebaki kimoja, na kila nyumba kumi zimefungwa kamba moja ziangaliane. Tumefanya urafiki na Wajerumani na Waitalia. Watoto wangu wamechora bendera tatu ukutani. Asiyechora aliulizwa na mwenzake, si na mimi, mbona hukuchora. Ana miaka tisa huyo aliyeuliza.

Mkaguzi ameniita. Akasema: "Kamisawa kuna bibi wa kuzaliwa mwaka wa simbamarara anayekataa kupiga mafundo kwenye mikanda ya askari. Ni ndugu yako?" Nikajibu ni mama yangu, vidole vyake vina baridi yabisi.

Mama, nakuomba sana, uwe na baridi yabisi.

Mwanao,
Ryohei


Kamisawa
8 Desemba 1940

Ryohei,

Vidole vyangu vizima, asubuhi hii vimepasua kuni.

Wanawake wengine kila mmoja anapiga fundo moja la uzi kwenye ule mkanda wa kumkinga askari na risasi. Sisi tuliozaliwa mwaka wa simbamarara tunaruhusiwa kupiga fundo kwa kila mwaka wa umri wetu, eti kwa kuwa simbamarara huenda mbali na hurudi. Nimepiga mafundo hapa mpaka kidole kikaota sugu. Nimewapigia vijana wa kijiji hiki wote. Waliorudi, wamerudi visandukuni. Basi simbamarara huyu ni mwongo, na mimi sitaki tena kusema uongo kwa sindano.

Mchele wamepunguza, sukari kwa kuponi, kiberiti cha kuomba. Nikamwuliza Nezu: taifa linalokula nchi za watu, mbona lina njaa hivi? Akaangalia huku na huku, akaniambia, "Bibi Tora, mimi sikukusikia." Mwoga, lakini amenifanyia hisani.

Na hao marafiki zako Wajerumani, nasikia nao wanachukua ardhi za jirani zao. Nazo zilikuwa tupu?

Tora


Kambini
28 Septemba 1941

Bibi,

Hii anakuletea Sakae, mtoto wa yule muuza tofu za soya. Wanamrudisha nyumbani kwa sababu ya macho. Ameishona ndani ya kofia. Barua zangu nyingine zote zilikuwa za kusomwa na watu. Hii ni yako.

Vitunguu nilivitoa siku ileile. Kitanda kile kilikuwa cha mjukuu wa Mzee Song. Nyumba hii ni yake. Mashamba haya ni yake na ya ndugu zake. Askari waliwapa siku chache wahame, wakawatupia pesa isiyonunua hata nguruwe. Mtoto alikufa majira yaleyale ya baridi, kwenye kibanda mtaroni. Mzee analima shamba lake mwenyewe kwa ujira wa uji. Miaka mitatu amenifundisha kila ninachokijua, na mimi namwita "we!" kwa sababu hapa hakuna anayemwita vingine.

Sasa askari wamejaa kama nzige. Malori yanapita kwenda kaskazini kutwa. Wengine wanasema ni vita na Warusi, wengine wanasema la, ni huko kusini, na Wamarekani. Hakuna anayejua, na wote wanashangilia. Jeshi linataka uwanja wa malori. Kamanda wa kambi amechagua kona ya mashariki, kwenye makaburi ya ukoo wa Song. Huku kaburi ni tuta la udongo. Ameamuru yasawazishwe kwa plau kabla ardhi haijaganda. Kazi amenipa mimi, kwa sababu mistari yangu hunyooka.

Mzee aliposikia alikuja akasimama mbele yangu. Hakulia, hakupiga magoti. Alinishika mkono, akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja huku ananionyesha matuta: babu, baba, mke, mjukuu. Vidole vikaisha, akachukua mkono wa pili.

Kwetu mimi ndiye wa kufagia makaburi. Bibi, nifanye nini?

Usinijibu kwa posta. Barua zinafunguliwa mezani kwa kamanda, na zile za kuchekesha husomwa mbele ya gwaride. Nimeuliza tu. Sina mwingine wa kumwuliza.

Isamu


Kamisawa
17 Oktoba 1941

Isamu,

Umesema nisijibu. Mtoto wangu akiniuliza nifanye nini, mimi sinyamazi. Ningempa mtu aje nayo, lakini hakuna wa kijiji hiki anayekuja huko kwa sasa. Kwa hiyo itakuja kwa posta, na huyo kamanda akiifungua asome vizuri, herufi zangu ni kubwa.

Bwana Kamanda: una mama? Amezikwa wapi? Nani amepewa plau alime juu yake?

Sasa wewe, Isamu. Usilime makaburi. Kama umeshalima, chukua sepetu urudishie udongo, tuta baada ya tuta, kwa mikono yako, mchana, watu wakikuona. Ukirudishia kwa kificho utakuwa mwizi mara ya pili. Kisha umwendee Mzee Song, uiname, umwambie jina lako, na la baba yako Genzo, na la babu yako Eikichi, ajue ni nyumba gani imemkosea na ni nyumba gani imemwomba radhi. Na umwite Mzee. Wewe hukulelewa kwa "we!".

Watakupiga. Kipigo kinapona. Mtu aliyelima kaburi la mtu, hata akinirudia na hekta mia, sitamwonyesha yetu yalipo.

Vaa soksi zote mbili.

Bibi yako,
Tora


Mjini
3 Desemba 1941

Mama,

Telegramu umeshaipata: homa ya mapafu, akilitumikia taifa. Majivu yako kwangu, sebuleni, chini ya picha ya kaka Genzo. Fumie anayawekea wali kila asubuhi kabla sisi hatujala.

Mkufunzi aliyeyaleta alilala hapa. Kijana tu, ana mtoto mchanga kwao. Nilimpa pombe ya mchele. Sikumwuliza kitu, akaanza mwenyewe.

Barua yako ilisomwa kwenye gwaride. Kamanda aliisoma kwa sauti ya kibibi kizee, na vijana wakacheka kwa kuwa walitakiwa kucheka. Alipofika pale unapomwuliza kama ana mama, akaikunja, akaitia mfukoni. Akasema nani ni Isamu Shiozawa.

Isamu alikuwa ameshalima matuta tisa. Alilima siku tatu kabla, kwa amri, na hakula tangu siku hiyo. Baada ya gwaride alichukua sepetu akaenda. Mchana mweupe, kambi nzima inatazama. Alirudishia sita. Walipokuja kumvuta hakupigana. Alisema tu, "Yamebaki matatu."

Hawakumpiga, Mama. Walimtia kwenye shimo la kuhifadhia viazi, bila koti, awe fundisho. Kule maji yalikuwa yameshaganda ndooni. Walipomtoa alikuwa bado anaongea, lakini hakuongea na watu waliokuwepo.

Nilimwuliza mkufunzi, "Na yule mzee?" Akageukia ukuta, akajitia amelala.

Nilikuomba usiandike. Nilikuomba tangu mwaka ule wa kwanza.

Mazishi ya heshima ni tarehe 14, uwanjani kwa shule. Isamu ataitwa shujaa wa ardhi mpya. Hotuba ni yangu. Mkaguzi ameshaniandikia maneno. Vijana wangu watano wa mwaka huu watakaa mstari wa mbele. Wanaondoka Machi. Nyumba zote tano nimezizungukia mwenyewe, kwa miguu yangu, nimekunywa chai ya kila mama.

Nitasimama na nitasema nilichoandikiwa. Kuna Haruko. Sina njia nyingine.

Mwanao,
Ryohei


Kamisawa
9 Desemba 1941

Ryohei,

Usinikumbushe. Najua barua ilikuwa ya nani. Nikilala inalala na mimi, nikiamka imeshaamka. Nilimwambia kipigo kinapona. Sikujua kwamba kuna shimo. Hilo ni langu, nitakwenda nalo, na usijaribu kunisaidia kulibeba.

Lakini usije ukajificha nyuma yake. Barua yangu ilikuwa ya kweli. Yeye aliijua kuwa ni ya kweli kabla haijafika, ndiyo maana hakula. Kosa langu nilimtuma mtoto peke yake akaseme kweli mbele ya watu wenye bunduki, na sisi wakubwa tumekaa huku tunakohoa. Mimi kikohozi, wewe baridi yabisi unayonipaka. Mtoto akabaki na sepetu.

Jana Nezu alitoa redio ya ofisi nje. Vita na Wamarekani, vita na Waingereza, vita na nani tena sijui, yule mtu wa redioni alikuwa anataja tu. Watu wakashangilia. Muuza tofu amelia kwa furaha, na Sakae wake amekaa kando kama kiazi, haoni hata sufuria. Mke wa Nezu akanijia na mkanda na sindano. "Bibi Tora, leo hata wewe hutakataa!" Nikamwuliza, "Hao Wamarekani nao, nchi yao ni tupu?" Akaondoka mbio kama niliyemmwagia maji ya moto. Nezu mwenyewe alibaki. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Bibi, wangu wa pili amefikisha kumi na minne." Nikamwambia, basi sema hivyo kwa sauti ya juu. Hakusema. Lakini alinifuata mpaka nyumbani akanipasulia kuni, jambo ambalo hajalifanya tangu azaliwe.

Kwa hiyo hakuna mazishi ya uwanjani. Mjukuu wangu hatakuwa chambo. Maneno ya mkaguzi mrudishie mkaguzi, ayaseme mwenyewe kama yanampendeza.

Unaniambia kuna Haruko. Nimekusikia tangu mwanzo, mimi si jiwe. Mlete kwangu, yeye na Fumie, na majivu wabebe wao. Hapa kuna miso ya supu, kuna figili, kuna kuni za Nezu. Polisi wakija watanikuta mlangoni. Nina miaka sabini na tano, watanifunga mpaka lini? Wewe watakufunga, sitakudanganya. Soksi nimeshaanza kufuma.

Sasa fanya hivi. Zile nyumba tano, rudi kila moja. Usivae tai, usibebe karatasi, chai usinywe. Kaa kizingitini. Mwambie baba na mama, kijana mwenyewe akisikia, kwamba ile ardhi ina wenyewe; kwamba vitanda walivyopewa watoto wetu vilikuwa na moto wa watu; kwamba mtoto wa kaka yako hakufa kwa homa, amekufa akirudishia makaburi, na aliyempeleka ni wewe. Wakikutukana, nyamaza. Wakikufukuza, kesho yake rudi. Ukimaliza zote tano, ndipo upande huku na jembe la chuma, maana ardhi imeganda, na shimo la Isamu utalichimba wewe.

Anza na nyumba ya mbali kabisa. Nakujua: ukianza na ya karibu utasema imetosha.

Inuka. Kuna mwanga bado.

Mama yako,
Tora